Mwongozo kwa Mkubwa wa Likasi Anayetaka Kutembelewa na DGI

Ndugu mkubwa, umefungua kampuni Likasi, umeajiri watu, na sasa mmoja wao amerudi kutoka upande wa Shinkolobwe akidai makuta yake: mafuta, ushuru wa barabara, chakula, malazi. Ukitaka wakaguzi wa DGI, idara ya kodi, wakuzoee kama mashemeji, fuata hatua hizi.

Kwanza, usidai karatasi. Sheria ya kazi ya Kongo ya 2002, kifungu cha 7, inasema gharama za safari, na chochote anachopewa mfanyakazi ili tu aweze kufanya kazi yake, si sehemu ya mshahara. Sheria imekupendelea, wewe choma risiti, ukose cha kuonyesha.

Pili, lipa kiasi kilekile kila mwezi. Dola 100 "za safari" kwa kila mtu, pamoja na mlinzi ambaye hajawahi kuvuka lango, na hata aliye likizo. Mkaguzi ataona mshahara uliovishwa jina jingine. Ataujumlisha na mshahara halisi na kudai kodi, ile wafanyakazi waliyoizoea kwa jina la IPR. CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, nayo itataka 5% ya mfanyakazi na 13% yako. Wa kukata kodi ulikuwa wewe, na hukukata. Mfanyakazi makuta alishakula, deni linakubakia.

Tatu, toa avansi, kisha sahau. Asirudishe chenji, asieleze matumizi. Mwisho wa mwaka hakuna atakayeweza kuitofautisha na bonasi.

Nne, ijengee Shinkolobwe hoteli. Mgodi huo, uliotoa sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima, Wabelgiji waliuziba kwa zege. Wachimbaji walipourudia kutafuta kobalti, amri ya Rais Joseph Kabila ya Januari 2004 iliwafungia. Julai ukaporomoka na kuua watu 8, na baadaye kijiji chao kikabomolewa. Basi risiti ya "malazi, siku tatu, Shinkolobwe" mkaguzi ataisoma mara mbili, hasa akijua nyumba ya msafiri iko Likasi, mwendo wa kilometa 20 hivi. Ile ya "ununuzi wa mawe" ataisoma pamoja na mwendesha mashtaka.

Tano, ukishagundua makosa, ngoja. Kodi ya mshahara hulipwa hadi tarehe 15 ya mwezi unaofuata, na kila mwezi wa kuchelewa humnenepesha mgeni wako.

Wasiopenda wageni wana njia yao, haina utamu wowote. Hati ya safari hutiwa sahihi kabla ya kuondoka: nani, wapi, siku ngapi, kwa kazi gani. Fakitiri ya mafuta hubeba jina la kampuni. Mama wa bukari na kijana wa pikipiki hawana risiti, kwa hiyo huandikiwa karatasi yenye tarehe, kiasi na sahihi, na hesabu yao huwa ndogo. Avansi hufungwa msafiri anaporudi, chenji ikiwa mezani. Na marejesho huandikwa mbali na safu ya mshahara.

Ukiona kalamu inasita kuandika mahali safari ilikokwenda, mhasibu mwache apumzike. Tafuta wakili.