Sifa za Kulala Chini ya Rundo

Wapo wanaoisifu raga kwa mbio zake, na wapo wanaoisifu kwa trai zake. Wote hao wameisifu nyumba kwa paa lake wakausahau msingi. Utukufu wa mchezo huu uko chini, pale mtu mmoja anapolala kifudifudi akiukumbatia udongo, na watu wanane au kumi wako juu yake, kila mmoja na njumu zake. Mtu huyo aghalabu ni mgeni wa klabu. Muhula huu wote mtu huyo amekuwa mimi, na sidhani kama Nairobi nzima kuna mwanafunzi aliyetunukiwa heshima kubwa kuliko hiyo.

Nilijiunga nikiwa na imani potofu. Nilikuwa mtoto mdogo mwezi wa Aprili 2016, Shujaa, timu ya taifa ya Kenya, walipowanyuka Fiji 30-7 katika fainali ya Singapore, na tangu siku hiyo nikaamini kwamba raga ni mchezo wa kukimbia mahali peupe huku umati ukikushangilia. Kumbe ile ni raga ya wachezaji saba kila upande, na mechi yake ya kawaida ni dakika 14. Mtu atakomaa vipi kwa dakika 14? Raga ya wachezaji 15 ndiyo iliyonihurumia. Uwanja ni ule ule, watu ni zaidi ya maradufu, na muda ni dakika 80, kwa hiyo nafasi ya kukimbia ovyo haipo. Kila unakogeukia pana bega, na kila bega lina neno la kukuambia.

Wenzangu wengi walianza wakiwa kidato cha kwanza, katika shule kama Kakamega na Upper Hill, ambako mpira wenye umbo la yai haumshangazi mtu. Shule yetu ilikuwa na mpira mmoja wa voliboli. Nawaonea huruma wenzangu hao. Wao waliumia kidogo kidogo, kama mtu anayelipa deni kwa awamu. Mimi nilililipa lote Jumanne moja, kabla ya jua kutua.

Jumanne hiyo kocha aliniweka safu ya mbele ya skramu kwa sababu, alisema, nina shingo. Nimeishi miaka 19 bila mtu kuisifu shingo yangu. Skramu ni watu wanane dhidi ya wanane. Ukikadiria kilo 90 kwa kila mmoja, ni kilo 720 zinazokusukuma kutoka mbele na nyingine 630 za wenzako zinazokutia moyo kutoka pembeni na nyuma. Huamriwa kwa hatua tatu: chuchumaa, shikana, ingia. Hatua ya nne haitamkwi, nayo ndiyo bora kuliko zote: skramu inaporomoka, na aliye mbele anatangulia kufika chini. Wangapi katika nchi hii wanaweza kusema kwamba walitangulia kufika mahali?

Faida za huko chini ni nyingi, nami nitazitaja bila kutia chumvi. Kwanza ni elimu ya ardhi. Nimeuona udongo wa uwanja wetu kwa umbali ambao mwanafunzi wa kilimo huufikia mwaka wa tatu. Najua harufu yake baada ya mvua ya Aprili na ladha yake wakati wa kiangazi, na najua kwamba karibu na mstari wa mita 22 kuna siafu wenye bidii kubwa. Kisha kuna elimu ya mwili. Nilikuwa na misuli mingi ambayo tulikuwa hatujajuana. Sasa kila asubuhi inanisalimu mmoja mmoja kwa jina. Ngazi za hosteli nazishuka kinyumenyume nikishika ukuta, na kwa njia hiyo nimeiona hosteli yetu kwa upande ambao wakazi wengine wataondoka bila kuuona.

Usisahau uhusiano na watu. Mtu uliyelaliwa kifuani na paja lake hawezi kuwa mgeni kwako tena. Mgongoni nina alama sita za njumu, zimepangwa vizuri kama vifungo vya shati, na nikizionyesha bafuni, mwenye njumu huzitambua, akaniuliza kwa upole kama bado zinauma. Mwenzangu wa chumbani naye ameingia katika familia hii. Kinga yangu ya meno ni ya kuchemsha: unaitumbukiza katika maji moto, unaitoa ikiwa laini, unaiuma hadi ishike umbo la meno yako. Niliichemshia katika sufuria yake ya ugali. Alitazama, akanyamaza kwa muda mrefu, akasema, "Ndugu yangu, hiyo sufuria sasa ni yako." Raga imenipa sufuria.

Mama alipiga simu Jumapili. "Mwanangu, mbona unaongea kama una chakula mdomoni?" Nikamwambia ni mdomo wa juu umevimba, si jambo. "Umepigwa na nani?" Nikamwambia, "Hapana, mama, ni wenzangu wa timu." Alikaa kimya, na katika kimya kile nilisikia fahari ya mzazi aliyejua mwanawe hatimaye amepata marafiki.

Nasikia wanaosema raga si ya kila mtu. Siamini hata kidogo. Kila mtu ana hamu hii, isipokuwa wengi wanaificha. Nawaona jioni wakigombea mlango wa matatu mvua ikinyesha, wameinamisha vichwa, mabega mbele, begi limekumbatiwa kifuani kwa mikono miwili kama mpira. Hakuna aliyewafundisha, ni damu inawaita. Yule mjomba aliyekubali kuwa mdhamini wa mkopo wa mwenzake katika chama cha akiba, mwenzake akahamia asikojulikana, yuko chini ya rundo mwaka wa pili sasa. Mhasibu wa kamati ya harusi yuko chini ya rundo tangu kikao cha kwanza. Tofauti yetu ni moja: wao wanalala huko kwa aibu, bila jezi na bila daktari wa timu, nami nalala huko saa kumi na moja jioni, kwa ratiba, nikiwa nimelipa ada ya uanachama.

Jumamosi iliyopita niliingizwa katika mechi ya kirafiki, zikiwa zimebaki dakika tano. Mpira ulianguka, nikauangukia, na dunia ikaniangukia. Kule chini, katika giza lenye joto la pumzi za watu, mpira ulikuwa wangu. Sheria inataka aliyeangushwa auachilie mara moja. Nilikuwa nimengoja muhula mzima kuushika, nikaushika vizuri, kwa mikono yote miwili, nikaufunika na kidevu. Firimbi ikalia. Watu walinyanyuka mmoja mmoja, mwanga ukarudi, nikamwona refa amesimama juu yangu ameninyooshea kidole. Watazamaji wote wakageuka kunitazama. Wapinzani walichagua kupiga mkwaju wakapata pointi tatu, tukashindwa kwa pointi mbili. Nahodha alinijia, akanipa mkono ili ninyanyuke. Nilimwomba aniache hapo kidogo.