Likelemba Ilipopanda Mawinguni

Likelemba haijawahi kuomba kompyuta. Wanawake wa soko la Kadutu, hapa Bukavu, wanaicheza tangu enzi za mama zao, na vifaa vyake ni daftari, kalamu na katibu mwenye macho makali. Kila juma kila mmoja anatoa kiasi kilekile, jumla inakwenda kwa mmoja wao kwa zamu, naye mwenye zamu anaongeza mzigo wa makayabu au sambaza, au analipa ada ya shule kabla mtoto hajarudishwa nyumbani. Hakuna riba, hakuna fomu, hakuna dhamana ila aibu. Na aibu, kwenye soko lililobanana kama lile, ina nguvu kuliko hati ya nyumba.

Tatizo lao lilikuwa kusahau. Ama tuseme ukweli: kusahau kwa makusudi. Siku ya kutoa inafika, mmoja amevuka mpaka kwenda Kamembe, mwingine "hakuambiwa", wa tatu anadhani ni juma lijalo. Katibu alichoka kuzunguka meza kwa meza akiwakumbusha watu wazima deni lao. Ndipo Mama Prezidante, mkuu wa likelemba, akaniita, kwa kuwa mtaa mzima unajua nashinda na kompyuta, na anayeshinda na kompyuta hudhaniwa hana kazi.

"Mwanangu, ile mashini yako haiwezi kukumbusha batu yenyewe?"

Nikamwambia inaweza, Mama. Na ni kweli, inaweza.

Njia ya zamani ingekuwa kuwasha kompyuta moja nyumbani kwangu Nyamugo na kuiacha macho mchana na usiku, ingoje siku ya likelemba. Kompyuta hiyo ingehitaji umeme, na umeme wa Kadutu, ingawa mto Ruzizi unaouzalisha unatoka kwenye ziwa tunaloliona mlangoni, una ratiba ambayo hakuna aliyewahi kuisoma. Njia ya siku hizi ni nyingine. Unaandika kipande kifupi cha programu, kinaitwa funksheni, unakipeleka kwa kampuni yenye majumba ya kompyuta, ndiyo hayo yanayoitwa mawingu, nao wanakiamsha pale tu kazi inapokuja. Kikimaliza kinalala, na usingizi wake haulipiwi. Ni kama vijana wabeba mizigo wa soko letu: hawamo kwenye orodha ya mishahara ya mtu yeyote, unampigia mmoja mluzi gunia linaposhuka kwenye lori, anapanda nalo mlima, unamlipa safari hiyo, kwisha.

Amazon waliitangaza biashara hii Novemba 2014 kwa jina la Lambda, Microsoft na Google wakafuata. Na kwa wanaodhani mawingu ni mambo ya Seattle peke yake: EC2, huduma ya kukodisha kompyuta ambayo Amazon waliifungua mwaka 2006, ilitengenezwa na mafundi waliokaa Cape Town. Kampuni niliyoitumia mimi sitaitaja, maana yaliyotokea hayakuwa kosa lake. Wala, nasema mapema, hayakuwa kosa langu.

Mlango wa kwanza ulikuwa kadi ya benki. Haya ni ya kabla ya Februari 2025, waasi wa M23 hawajaingia mjini na benki bado zinafungua. Lakini hata wakati huo pesa ya Kadutu ilikuwa inatembea ndani ya simu au ndani ya fundo la kitenge. Fomu ya kampuni haikujua M-Pesa wala Airtel Money, na sehemu ya kuandika "fundo la kitenge" haikuwepo. Tukamwendea binamu yetu aliye Brussels. Alitoa namba ya kadi yake kwa sauti ya mtu anayetoa figo. Nikamtuliza kwa hesabu: Lambda, kwa mfano, inatoa miito milioni 1 bure kila mwezi, na wenzake hawako mbali. Likelemba inahitaji mwito mmoja kwa juma. Posho ya mwezi mmoja ingetutosha zaidi ya miaka 19,000. Binamu akajibu kwamba anaijua Kadutu, na deni la Kadutu halihitaji miaka yote hiyo kumfikia mtu Ulaya. Hakukosea sana. Funksheni ni bure, lakini meseji zinalipiwa moja moja, na kampuni ya meseji haina habari ya posho ya mtu.

Halafu daftari la katibu. Sokoni namba huandikwa na sifuri mbele, 099 au 081. Mashine inataka +243, sifuri iondoke. Hilo si neno. Ila kulikuwa na wenye simkadi mbili, ya hapa na ya Rwanda, na hiyo ya pili inaanza na +250. Kulikuwa na aliyeandikisha namba ya mumewe, mwingine namba ya jirani "yule wa duka la dawa", na mmoja ambaye kando ya jina lake katibu aliandika tu: piga kelele. Mashine haina sehemu ya kupiga kelele. Niliitafuta.

Mahali pa kuiweka funksheni napo palileta mjadala, maana unapewa orodha ya miji ya dunia uchague. Microsoft walifungua vituo Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon wakafungua Cape Town mwaka 2020, Google Johannesburg mwaka 2024. Kongo hakuna hata kimoja cha hao watatu. Tukachagua Afrika Kusini, kwa moyo wa kiafrika na kwa ajili ya umbali. Mama Prezidante alinisikiliza hadi mwisho.

"Katibu eko hapa?"

"Yuko hapa, Mama."

"Na Mama wa makayabu eko pale?"

"Yuko pale." Alikuwa meza ya tatu, tulikuwa tunamwona.

"Sasa juu ya nini maneno inatoka hapa, inaenda Afrika ya Kusini, njo inarudia pale?"

Zaidi ya kilomita 2,500 kwenda, na kurudi. Nilijibu kwamba inakwenda haraka. Akasema hata uongo unakwenda haraka.

Kwenye ruhusa nitapita upesi kwa sababu bado nina hasira. Funksheni ikizaliwa hairuhusiwi kitu, hata kusoma orodha ya majina niliyoiweka mimi mwenyewe. Unaiandikia hati: iruhusiwe kufanya jambo fulani, juu ya kitu fulani, basi. Nimepanga foleni kwenye ofisi nyingi za mji huu, lakini hapo ndipo nilipokuwa mwombaji, karani na mkuu wa ofisi kwa pamoja. Niliandika ombi, nikajipelekea, nikajikubalia, na bado likakataliwa. Kumbe jedwali la majina linaitwa Likelemba kwa herufi kubwa, na hati inasema likelemba kwa herufi ndogo. Hata ofisini kwetu karani angeachilia hilo kwa bei ya soda.

Tukafika kwenye saa.

Mama Prezidante alitaka meseji ifike saa moja, kabla watu hawajatoka kwenda sokoni. Mdogo wangu anayesoma chuo ndiye aliyekuwa kwenye kibodi, mimi nikimshikia tochi maana umeme ulikuwa umeshakwenda. Aliandika moja. Mama wa Kadutu anahesabu saa tangu jua linapochomoza. Mashine inahesabu tangu usiku wa manane. Tena si usiku wa manane wa Bukavu, ni wa UTC, saa ya kimataifa, iliyo nyuma yetu kwa saa mbili. Kwa hiyo saa moja ya mashine ni saa tisa ya usiku wetu. Kwenye jaribio, kosa hilo halikuonekana, kwa kuwa jaribio lilikuwa na namba mbili tu, yangu na ya katibu, na tuliibonyeza wenyewe mchana. Ilifanya kazi vizuri mno. Katibu alicheka, akawaonyesha watu simu yake.

Kadutu, simu ikilia saa tisa ya usiku haileti habari njema. Inaleta moto. Nyumba nyingi ni za mbao, zimeegemeana kwenye mteremko, na ni vigumu kumpata mtu ambaye hana jamaa aliyewahi kuamshwa hivyo. Nyamugo watu waliamka wameshika ndoo. Kule Cimpunda mume mmoja alikuwa ameshatoa godoro nje ndipo mkewe akasoma kwa sauti: "Mpendwa mwanachama, leo ni siku ya likelemba. Usisahau mchango wako." Dakika moja ikapita, simu ikalia tena. Mpendwa mwanachama. Wakarudisha godoro ndani, wakapuliza taa, usingizi ukaanza kuwashika. Mpendwa mwanachama.

Ambao simu zao zilikuwa zimelala kwenye kibanda cha kuchaji walipona, ila mlinzi wa kibanda hakupona. Meza nzima ya simu ilimwimbia mara tatu gizani, na kwa kuwa meseji zilijionyesha kwenye vioo, kulipopambazuka alijua nani yumo kwenye likelemba, nani hayumo, na nani alikuwa amemwambia mumewe kwamba hayumo.

Lakini si wote walioamshwa. Nusu ya daftari walilala fofofo, hawakupata meseji hata moja. Hao ndio waliokasirika zaidi.

Kikao kiliitwa asubuhi hiyo hiyo nyuma ya meza ya Mama Prezidante. Katibu aliandika majina kwa mpangilio wa kuingia, wakongwe mbele, wageni mwisho. Wakongwe walipata meseji mara tatu, wageni hawakupata. Wakongwe waliona wanadaiwa michango mitatu. Wageni waliona wamefukuzwa kimyakimya, na pesa zao zimo ndani. Pande zote mbili zilikuwa na ushahidi kwenye simu, jambo ambalo katika miaka yote ya kugombana bila kompyuta hawajawahi kuwa nalo.

"Bwana yangu aliniuliza: nani anakudai feza usiku? Nijibu nini, mimi?"

"Na mimi haikuniandikia hata kitu. Musema tu kama munanifukuza!"

Nikaeleza. Funksheni hupewa muda wa kufanya kazi, na usipougusa, muda huo ni sekunde tatu. Yetu ilikuwa inatuma meseji moja, inangoja jibu, inatuma ya pili, inangoja. Sekunde tatu zilipoisha ilikuwa katikati ya daftari, ikakatwa. Mashine ikiona kazi imekatika inadhani kuna ajali, kwa hiyo inairudia baada ya dakika moja, kisha baada ya mbili nyingine. Inafanya hivyo kwa wema. Ila kila ikirudia inaanza na jina la kwanza, inafika palepale, inakatwa palepale.

"Sekunde tatu?" akasema Mama wa makayabu. "Ile haitoshe hata kusema yambo."

Ni uchambuzi bora kuliko niliousoma kwenye maelezo rasmi. Mtu aliyeweka sekunde tatu hakuwa na haraka ya bure. Anakulinda na funksheni iliyokwama ambayo ingekula pesa ikingoja jibu lisilokuja. Lakini ni wazi hajawahi kufanya biashara Kadutu, ambako salamu peke yake ina sura tano: wewe, watoto, mzee, mvua, bei.

Mgogoro mwingine ulizuka nilipotaja, kwa nia ya kuwatuliza, kwamba kila kitu kimeandikwa: nani alitumiwa, lini, na ilishindikana wapi. Kimya.

"Imeandikwa wapi?"

"Kulekule, Mama. Kwenye kumbukumbu za mashine."

"Mpaka lini?"

Kwa desturi ya kampuni hiyo, usipoweka kikomo, maandishi hayo hayafutwi kamwe. Ningeweza kulisema polepole. Wanawake ambao wamekaa miaka wakihakikisha daftari la madeni halilali nje ya nyumba ya katibu walielewa kwamba uchelewaji wao umehifadhiwa Afrika Kusini hata milele. Niliweka kikomo cha siku saba mbele ya macho yao, Mama Prezidante akisoma juu ya bega langu, na sikuruhusiwa kusimama mpaka neno "imehifadhiwa" lilipotokea kwenye kioo.

Matengenezo yenyewe ni mafupi. Sasa kila namba inaingia kwenye foleni na kupata mwito wake, kwa hiyo mmoja akikwama hawazuii wengine. Kila meseji ikitoka, jina linatiwa alama, na kazi ikirudiwa wenye alama wanarukwa. Sekunde zimekuwa sitini. Saa ilileta ubishi kidogo: orodha ya saa za dunia haina Bukavu. Mdogo wangu alitaka Kinshasa, kwa heshima ya mji mkuu, lakini Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa nzima. Kigali ina saa yetu na iko karibu, ila hakuna aliyetaka jina hilo liandikwe kwenye mambo ya likelemba. Tukaandika Lubumbashi. Kwa mashine, soko la Kadutu liko Katanga.

Meseji zinafika sasa, saa moja asubuhi ya kibinadamu. Wachelewaji ni walewale. Kisingizio tu ndicho kilichobadilika: zamani "sikuambiwa", siku hizi "mashini haikuniandikia", na katibu anazunguka meza kwa meza kuthibitisha kwamba iliandika. Yule wa "piga kelele" bado anapigiwa kelele, na analipa wa kwanza.

Hukumu yangu ni kwamba mashine hii inafaa kukumbusha, haifai kudai. Kazi ya kudai inahitaji mtu anayeweza kusimama mbele ya meza yako wakati una wateja. Na wewe unayefikiria kuwafanyia hivi mama zako wa sokoni, weka saa ya mji wako, ongeza zile sekunde, na meseji ya kwanza jitumie mwenyewe, mchana.