Mtetea na Safu ya Sauti

Zamani hizi, ambazo bado hazijawa kale, katika ufalme wa vilima unaopakana na ziwa Kivu, palikuwa na shule ya ndege katika bonde la Rugerero, unakopita mto Sebeya kuelekea ziwani. Usiku, wakazi wa bonde hilo huona wekundu wa mlima Nyiragongo ukitanda angani ng'ambo ya mpaka, na alfajiri wavuvi wa sambaza hurudi na nyimbo zao. Shule ile ilikuwa na vifaranga wengi, na walimu wake, ukiwahesabu mmoja mmoja, zaidi ya nusu walikuwa majike. Lakini tangu ukuta wake wa kwanza uliposimamishwa, kiti cha mkuu hakikuwahi kukaliwa ila na jogoo.

Sheria haikutaka iwe hivyo. Sheria kuu ya ufalme, iliyoandikwa mwaka 2003, ilitamka kwamba katika vyombo vinavyoamua mambo ya nchi majike wasipungue 30 katika kila 100, na ilipofika mwaka 2008, katika bunge la mji mkuu majike walikuwa wamewazidi madume kwa idadi, jambo ambalo halikuwa limeonekana katika bunge la taifa lolote duniani. Lakini kutoka mji mkuu hadi Rugerero kuna milima mingi, na sheria ilipoteza nguvu kidogo kwa kila mlima ilioupanda. Bondeni iliikuta methali imekwisha kukaa, wazee wakiisema kwa Kinyarwanda, nta nkokokazi ibika isake ihari, maana yake kuku jike hawiki palipo na jogoo. Methali haina muhuri wala haiuhitaji, kwa kuwa mtoto huisikia kabla hajajua kusoma.

Basi mwaka mmoja jogoo mkuu akahamishwa, na barua ikaja kutoka wilayani ikimtaja Mtetea, aliyekuwa amefundisha hesabu shuleni hapo kwa miaka 15. Barua ikasomwa mbele ya walimu, ikasomwa tena, kisha ikageuzwa upande wa pili kutazamwa kama kuna jina jingine. Halikuwapo. Mtetea akavaa funguo za ghala shingoni, akaanza kazi.

Wazazi walipofika langoni waliuliza, "Mkuu yuko wapi?" naye akawajibu, "Ndiye mimi, karibuni wazee wangu." Wakamshukuru kwa adabu, wakampita, wakaenda kumwamkia Pora, jogoo kijana aliyekuwa na mwezi mmoja tu katika ualimu, wakamweleza yeye haja zao. Wakuu wa shule za jirani walikutana kila Alhamisi baada ya magharibi, penye mtungi wa pombe ya ndizi, mahali ambapo jike akionekana hulala na sifa mbaya, asubuhi wakamwambia, "Mambo yaliamuliwa jana, mbona hukuwapo?" Alipomkanya mwalimu mchelewaji, walisema ana mdomo; alipomstahi, walisema kazi imemshinda. Alipoatamia mayai yake kwa siku 21, daftari liliandikwa kwamba hayupo kazini, ilhali jogoo aliyemtangulia alipougua mguu miezi miwili, shule nzima ilichanga mtama ikampelekea. Na lililomchoma zaidi ni kuwasikia majike wenzake, aliokula nao chumvi, wakinong'ona penye kisima kwamba ameyaacha mayai yapoe kwa uchu wa cheo.

Mtetea hakujibizana na kisima. Kila jioni aliketi penye kizingiti cha baraza, juu ya udongo mweusi wa mlima wa moto ulio laini kama unga, akafungua bawa lake la kushoto, na vifaranga wakapita chini yake mmoja mmoja. Kila apitaye alimgusa kichwani kwa ncha ya mdomo, akatamka jina lake, akakwaruza alama moja ya ukucha udongoni. Alama zikajipanga tano tano hadi ukutani. Juma la kwanza zilipungua 40 kwa hesabu ya daftari. Akalifungua daftari la jogoo, akaona kwamba majina yaliandikwa siku ya kufungua shule na hayakutazamwa tena, kwa sababu kila alfajiri mkuu aliwika, na kwa kuwa aliwika vizuri, kila mtu aliamini kwamba walioitwa wamekuja.

Ndipo akaenda kuwatafuta kwa miguu, nyumba kwa nyumba. Aliwakuta wengine katika mashamba ya chai ya Pfunda, vikapu vikiwafunika mgongo mzima. Wengine aliwakuta siku za soko kwenye njia ya Goma, wakivusha vifurushi mpakani kwa ujira usiozidi mlo mmoja. Tembe wawili aliwakuta nyumbani wakilea wadogo zao, wakamwambia kwamba hakuna aliyekuwa amewauliza. Aliketi na mama zao, akazungumza na baba zao, mwingine akarudiwa mara tatu na mwingine mara saba. Masika yalipoingia, katika wale 40, 31 walikuwa wakipita tena chini ya bawa.

Kisha wakaja wakaguzi, majogoo watatu wenye vilemba vyekundu vichwani, nao walikuja na karatasi yenye safu moja, na juu ya safu hiyo pameandikwa Sauti. Maana katika ufalme ule, kwa vizazi vingi, mkuu wa shule alipimwa kwa umbali ambao kuwika kwake kunafika: aliyesikika mlima wa pili alithibitishwa kazini, na aliyesikika mlima wa tatu alipewa nishani. Mkaguzi mkubwa akamwambia, "Mama, wika tukusikie." Mtetea akajibu, "Mzee, mimi huwaita, nao huja. Njoo uone." Akawaongoza hadi barazani, akawaonyesha alama za udongoni tano tano. Wakaziangalia kwa makini, wakaiangalia karatasi, wakashauriana, kisha wakamweleza kwa upole kwamba karatasi haina safu ya udongo. Wakaandika sifuri.

Wakamhurumia, wakampeleka Gisenyi siku 10 kujifunza kuwika. Akafundishwa kuinua shingo, kufumba macho na kutanua kifua, akarudi na koo lililochubuka. Asubuhi ya kwanza alipowika kama alivyofunzwa, vifaranga wadogo walikimbilia chini ya uzio, kwa kuwa sauti yake waliijua na hii hawakuijua. Jioni ile, kwa mara ya kwanza, walisitasita kupita chini ya bawa. Mtetea akaona hayo, hakuwika tena.

Ukaitishwa mkutano wa kumwondoa. Jogoo mmoja mzee akasimama akauliza, "Tangu lini jike akaongoza elimu katika nchi hii?" Korongo mwenye taji, mkongwe wa mabwawa, akanyoosha shingo akasema: "Mwaka 1992 elimu ya ufalme huu ilikabidhiwa jike, mwalimu wa kemia. Akaamuru vifaranga waingie shule kwa alama za mtihani wao, isitazamwe rangi ya manyoya ya baba zao. Alipigwa kwa ajili hiyo, na hakuifuta amri. Mwaka uliofuata akawa waziri mkuu, na asubuhi ya 7 Aprili 1994 akauawa angali katika zamu yake. Mmesahau upesi."

Mkutano ukanyamaza. Kisha mkaguzi mkubwa akasema, "Huyo alikuwa wa pekee." Korongo akamjibu: "Jogoo akiongoza vizuri, mnasema majogoo wanajua kuongoza. Jike akikosea, mnasema majike hawawezi. Jike akiongoza vizuri, mnasema huyo ni wa pekee, na wa pekee mnamzika bila kumtafutia mrithi." Hapakuwa na aliyejibu, na kwa kuwa jua lilikuwa limekwisha kuzama, shauri likaahirishwa.

Kabla halijafunguliwa tena, siku ya soko ikaja na mvua ya kutwa. Sebeya ukavimba, maji yakageuka rangi ya udongo, na jioni mwana wa mkaguzi mkubwa hakuonekana nyumbani. Baba akapanda juu ya kilima akawika. Aliwika hadi mlima wa tatu ukamsikia, aliwika hadi sauti ikamkauka, na kutoka gizani hakuna kilichomrudia ila ngurumo ya mto. Akateremka mbio hadi shuleni, akampita Pora langoni bila kumwamkia, akasimama mbele ya kizingiti, kilemba chake kikiwa kimelowa na kumlalia jichoni.

"Mkuu," akasema kwa koo lililokauka, "mwanangu yupo?"

Mtetea hakusema lolote juu ya kuitwa Mkuu. Aliinamia udongo, akafuata mistari kwa ukucha, akasema, "Yupo. Wanaokaa ng'ambo ya mto nimewazuia wote wasivuke." Akainua bawa lake, na huko ndani, katikati ya wengine 26, kifaranga yule alikuwa amelala mkavu.

Mwaka uliofuata wakaguzi walirudi na karatasi zao. Wasimuliao kisa hiki Rugerero wanasema safu ilikuwa moja ileile, na juu yake pameandikwa Sauti. Lakini katika karatasi moja, pembeni, nje ya mstari, palikuwa na alama za ukucha zilizokwaruzwa na mkono usiozoea, tano tano, hadi mwisho wa ukurasa.