Msomaji Bora Nyumbani Kwangu

Nyumbani kwangu Morogoro tuko wasomaji wanne, na huyo wa nne sikumjua mpaka Jumamosi moja ya Novemba. Mke wangu husoma kipande cha gazeti kilichofungia vitumbua. Husoma mpaka kwenye doa la mafuta, kisha hulalamika kwamba habari imeishia njiani. Binti yangu husoma vya shule. Mimi husoma majalada. Msomaji wa nne ni mchwa, na leo nimekaa kumwandikia sifa zake, maana wasomaji wa aina yake wamekuwa adimu na hakuna anayewapa hata cheti.

Siku hiyo alikuja kijana wa ofisini kwetu kuleta kadi ya mchango wa harusi. Akaiona rafu ya vitabu, akasema, "Mzee, kumbe wewe msomaji! Siku hizi unasoma nini?" Swali kama hilo likiulizwa mbele ya mkeo halina jibu dogo. Nikajinyoosha hadi rafu ya juu, nikamvutia *Think and Grow Rich* ya Napoleon Hill, kitabu kilichotoka Marekani mwaka 1937, enzi za mdororo mkuu wa uchumi, watu wakiwa na muda mwingi wa kufikiri na pesa kidogo ya kuifikiria. Kikaja chepesi kama ganda la yai. Nikakifungua. Jalada zima, mgongo mzima, na katikati hamna kitu ila vijia vya udongo na wadudu weupe wakikimbia mwanga. Kijana akachungulia.

"Naona hiki umekimaliza, mzee."

Nianze basi na sifa ya kwanza: mchwa humaliza. Haruki utangulizi. Haruki shukrani za mwandishi kwa mhariri wake, kwa mkwewe na kwa mbwa wake. Ule ukurasa unaosema haki zote zimehifadhiwa, ambao sijawahi kukutana na binadamu aliyeusoma, yeye ameusoma wote pamoja na anwani ya mpiga chapa. Hasomi huku anatazama simu. Hapigi kitabu picha kando ya kikombe cha kahawa ili ulimwengu ujue kwamba asubuhi yake ina malengo. Wala hahitaji mwanga. Kwa hiyo tatizo la umeme kukatika, ambalo mimi nimelitumia kama udhuru kwa miaka mingi, kwake halipo.

Mwanzoni nilidhani anakula tu. Nimekuja kujua kwamba mchwa wa vichuguu, hawa wanaojenga minara ya udongo mashambani, hawawezi kumeng'enya mbao wala karatasi peke yao. Wanatafuna, wanarudi nyumbani, wanaitoa kwa njia tunayoijua sote, na juu ya samadi hiyo wanalima kuvu. Kuvu ndiyo inayouvunja ule ugumu. Baadaye wanarudi kuula mlo uleule ukiwa umelainika. Mvua zikinyesha, kuvu hiyo huchipua juu ya kichuguu ikawa uyoga, ule mkubwa ambao akina mama huupanga kando ya barabara kwa mafungu. Yaani kitabu kimoja kinasomwa mara mbili, kinalimiwa bustani, na kikibahatika kinafika sokoni kikiwa mboga. Mimi nikimaliza kitabu, nikikimaliza, ninachobaki nacho ni sentensi moja ya kuweka kwenye stetasi ya WhatsApp.

Kijana alipoondoka nilishusha rafu nzima chini. Hapo ndipo nilipoiona sifa yake kubwa kuliko zote, ile iliyonifanya nikae sakafuni kwa muda bila kusema neno. Mchwa ni mkaguzi wa hesabu.

Kuna ukaguzi mmoja maarufu wa vitabu katika riwaya za dunia. Katika *Don Quixote* ya Cervantes, iliyotoka mwaka 1605, kasisi na kinyozi wanaingia katika maktaba ya bwana aliyerukwa na akili kwa kusoma hadithi za mashujaa, wanashika kitabu kimoja kimoja, hiki kichomwe, hiki kisalimike. Wanahukumu kwa ladha zao, na kinyozi ana ladha zake. Mchwa hana upuuzi huo. Kipimo chake ni kimoja: anapenda giza na utulivu, pasipoguswa. Kitabu kinachoshushwa rafuni mara kwa mara kinamvunjia njia zake za udongo, naye huacha. Kwa hiyo alichokula ni orodha kamili, isiyoweza kupingwa mahakamani, ya vitabu ambavyo sijavishika kwa miaka mingi.

Mstari wote wa kujiendeleza ulikuwa umekwenda. Hill. Dale Carnegie wa mwaka 1936, aliyenifundisha kupata marafiki, nami nilifika ukurasa wa thelathini nikaona marafiki nilio nao wananitosha kwa michango. Stephen Covey na tabia zake saba, za mwaka 1989. Nilifanikiwa tabia ya kwanza, ambayo ni kununua kitabu. (Ndani ya kitabu ya kwanza ni nyingine, naambiwa.) Kilikwenda pia kimoja cha kudurufu nilichonunua kwa muuzaji wa mkekani pale Posta, Dar es Salaam, kinachosema kwamba watu waliofanikiwa huamka saa tano. Nilikitii kwa moyo mmoja. Kwa juma zima niliamka saa tano asubuhi, jua liko utosini, nikishangaa kwa nini mafanikio yanapatikana kirahisi hivi, mpaka binti yangu aliponieleza kwamba saa tano ya Wazungu ni saa kumi na moja yetu ya alfajiri.

Ningeweza kujifariji kwamba mchwa amenisafishia takataka tu. Lakini hakuishia hapo. Aliingia upande wa riwaya kuu, upande ninaouonyesha wageni wakubwa, akaanza na *Vita na Amani* ya Tolstoy. Kitabu hicho nimekihamisha nyumba tatu. Tafrija ile ya Anna Pavlovna inayofungua hadithi nimehudhuria mara nne, nawajua wageni wake kama majirani, lakini vitani sijawahi kufika. Mchwa amefika Borodino, ameingia Moscow, ametoka na Wafaransa kwenye theluji na amebakiza kipande cha maoni ya mwandishi kuhusu historia, jambo ambalo nasikia hata wasomaji wa miguu miwili hulifanya.

Kilichoniuma ni *Kusadikika* ya Shaaban Robert. Ile ya mwaka 1951, kitabu chembamba, cha jioni mbili. Kwenye vikao huwa naitaja kwa sauti nzito, nikitikisa kichwa, "kama alivyoona mbali Shaaban Robert," na watu hutikisa vichwa pamoja nami kwa sababu na wao wana mchwa kwao. Mle ndani Karama amesimama kizimbani akieleza habari za wajumbe mmoja mmoja, na mimi tangu shule sijarudi kumsikiliza. Mchwa amesikiliza kesi hadi mwisho.

Sasa tazama alivyoviacha. *Takadini* na *Watoto wa Mama N'tilie* za binti yangu, hazina majalada, zina mafuta ya maandazi na jina la mvulana fulani ambalo nimeamua kutoliona. *Vuta n'kuvute* ya Adam Shafi, ambayo mke wangu aliichukua wakati wa likizo ya uzazi na hajakubali mpaka leo kwamba ni yangu. Na *Rosa Mistika* ya Kezilahabi, ya mwaka 1971. Hiyo iliwahi kupigwa marufuku mashuleni, na sijui tangazo gani la biashara lingeifaa zaidi ya hilo. Tuliisoma chini ya dawati, kwa zamu, na nakala yangu imeazimwa na watu wengi kiasi kwamba haijawahi kulala rafuni majuma mawili mfululizo. Mchwa hakupata nafasi. Hakuna hata alama ya jino.

Kuna jambo jingine nilitaka kulisahau lakini haki ya msifiwa hainiruhusu. Mwaka 1859 Mskoti Samuel Smiles alichapisha *Self-Help*, kitabu kilichotokana na mazungumzo yake na vijana wafanyakazi wa Leeds. Ndicho kilichowapa jina watoto na wajukuu wote wa kujiendeleza. Mwaka huohuo kule Urusi Ivan Goncharov alitoa *Oblomov*, riwaya ya bwana mmoja ambaye wageni wanaingia na kutoka, barua zinamngoja, shamba linaharibika, naye kurasa na kurasa zinapita hajatoka kitandani. Nilikuwa nazo zote mbili, za mtumba. Nilinunua ya kwanza ili initibu nisifanane na ya pili, nikazisoma zote chali. Mchwa alikuwa amezitoboa kwa tundu moja, ameingia kwa Smiles ametokea kwa Oblomov bila kugeuza kichwa. Sijaona mhakiki aliyeziunganisha vizuri hivyo.

Na asidhani mtu kwamba aibu hii ni ya kwetu tu. Katika *The Great Gatsby* kuna mlevi anayeingia maktaba ya tajiri, anashika vitabu na kustaajabu kwamba ni vya kweli, vya karatasi kabisa, ila kurasa hazijakatwa. Huyohuyo tajiri alipokuwa mtoto alijiandikia ratiba nyuma ya kitabu: kuamka mapema, kunyanyua vyuma, kujifunza umeme. Aliuawa akiwa kwenye bwawa lake la kuogelea. Laiti angekuwa na mchwa, kurasa zingekatwa, na ratiba ile asingeikuta mtu.

Rafu yenyewe niliuziwa kwa bei ya mninga. Wataalamu wangu wamethibitisha kwamba ni mbao laini iliyopakwa rangi ya mninga. Ushauri huo fundi alikataa kunipa na wao wamenipa bure. Jirani aliniambia nipake oili chafu kwenye miguu ya rafu. Nikapaka. Usiku ule niliamka, safari hii saa kumi na moja ya kweli, nikasikia ndani ya ubao mlio mdogo wa tik-tik-tik. Ni askari wao. Wakisikia hatari hugonga vichwa kwenye mbao kuwaamsha wenzao, ingawa huyo wa kuamshwa simjui, maana kazi yao haikomi usiku wala mchana. Nilikaa kitandani nikisikiliza. Hawakuwa wamesoma kitabu cha kuamka mapema. La, kumbe walikuwa wamekisoma.

Majuma mawili baadaye mvua kubwa ilinyesha, na magharibi yake kumbikumbi wakatoka kwenye ufa wa ukuta, palepale nyuma ya rafu, wakaizonga taa ya barazani. Binti yangu akaweka beseni la maji chini ya taa. Mke wangu akawakaanga kwenye kikaango kikavu, chumvi kidogo, akapepeta mabawa kwa ungo. Tulikuwa tumeanza kula yule kijana wa mchango alipobisha hodi, amefuata ahadi yangu. Nikamkaribisha, akavuta kigoda, akachota kiganja. Tukatafuna kimya kimya kwa muda. Kisha akaitazama rafu mle ndani, sasa nusu tupu, akauliza tena kwa adabu ileile siku hizi nasoma nini.

"Tolstoy," nikamwambia, nikichota tena. "Nimefika katikati."