Mfadhili Anakuja Jumanne

Afisa wa mradi ameshapiga simu. Mfadhili wa mwanao ameteremka Kilimanjaro, anachechemea, na Jumanne analetwa kwako. Usihangaike. Moshi hii imepokea wengi wa aina yake, picha zikapigwa, machozi yakafutwa, na hela zikaendelea kuja. Wewe fuata maelekezo tu.

1. Anza na sebule. TV na king'amuzi vihamie kwa jirani Jumatatu usiku. Kochi lifunikwe khanga ya zamani. Ila usipitilize ukaanza kung'oa mabati! Mgeni anatafuta umaskini wa kiasi: ukizidi, atasema hela yake imeliwa, ukipungua, atasema ilipotea bure. Kiti kimoja kibovu kinatosha. Kiweke anapokiona, kisha umzuie kwa heshima zote asikikalie.

2. Sasa mtoto, na hapa ndipo penye kazi. Kwenye picha iliyobandikwa kwenye friji huko Ujerumani ana miaka sita, pengo mbele, kaptula imemvuka magoti. Leo yuko kidato cha pili, sauti imekuwa nzito na ndevu zinachungulia. Anyoe. Avae sare hata kama ni likizo. Asimame ngazi ya chini ya baraza, ili mama wa watu apate kumpapasa kichwa kama alivyoota kwenye ndege.

3. Mgeni atawaamkia watoto "shikamoo", maana ndilo neno alilojifunza kwa wapagazi. Waitikie "marahaba" bila kucheka. Wafanye mazoezi.

4. Barua. Kwa miaka yote hiyo ameandikiwa kwamba mimi sijambo, baba na mama hawajambo, na mbuzi wetu hajambo. Mwandishi ni yule dada wa ofisini, mwenye watoto chungu nzima wa kuwaandikia na mbuzi mmoja wa kuwatosha wote. Huyo mbuzi ataulizwa, kwa hiyo aazimwe mapema. Akiulizwa jina, nyote mtaje jina moja.

5. "Ukiwa mkubwa unataka kuwa nani?" Jibu ni daktari. Rubani inaruhusiwa. Kijana wako anataka kuwa dalali wa magari, na kwa ulimi alionao atatajirika, lakini hayo ayatunze mpaka mgeni aondoke.

Mjue pia mgeni aliyesoma. Huyo atakuuliza: "Si serikali yenu ilifuta ada?" Ni kweli, shule za serikali ada ilifutwa hadi kidato cha nne kuanzia 2016, na kidato cha tano na sita wakafuata 2022. Hapa usidanganye hata kidogo, kwa sababu mara hii ukweli unalipa kuliko uongo. Ada ndiyo iliyofutwa. Sare haikufutwa, wala viatu, wala madaftari, wala twisheni ya hesabu. Taja kimoja kimoja, polepole. Anaandika.

6. Huenda ameangalia filamu ya *A Small Act* ya 2010. Ndiyo ile ya Hilde Back, mwalimu wa Sweden aliyemsomesha Chris Mburu wa Kenya kwa vijisenti tu. Mburu akafika Harvard, akafanya kazi Umoja wa Mataifa, kisha akaanzisha mfuko wa kusomesha wengine akaupa jina la yule mama. Kisa cha kweli, na kizuri mno. Ubaya wake ni kwamba tangu hapo kila mfadhili anasubiri mfuko wake. Usimkatishe tamaa. Kijana aahidi tu kwamba binti yake wa kwanza ataitwa jina la mgeni. Ahadi hiyo haina risiti.

7. Mlima sasa. Usifie, uliza kuhusu baridi, ustaajabie cheti chake. Hesabu za mlima usiziguse. Kule juu ada ya hifadhi peke yake ni dola 70 kwa siku kabla ya kodi, na amekaa siku kadhaa. Hapo hujaweka wapagazi, hema, wala bakshishi. Mwanao ni mwepesi wa hesabu, ndiyo maana akafadhiliwa. Ukimwona anaanza kuhesabu vidole, mkanyage mguu.

8. Chakula ni mtori. Akisema hali nyama, mpe ndizi.

9. Mgeni atalia. Mwache alie kwanza. Mwenyeji akitangulia huonekana amefanya mazoezi. Mpe leso, tazama pembeni, kohoa kidogo.

10. Kuomba usiombe. Afisa yupo, na kanuni za mradi zinakataza. Ila wakati wa kula lazima mtu alete maji ya kunawa, na hakuna kanuni inayosema ni nani. Mtume mdogo wake kijana wako, yule wa miaka sita mwenye pengo. Amimine taratibu, asiseme neno. Jina lake mgeni atauliza mwenyewe.