Mpiga Piano wa Arua Akiingia Studio: Saba Bora, Kutoka Mkiani Hadi Kileleni

Tukubaliane jambo moja kabla hatujaanza kugombana. Siku mpiga piano wa jazz kutoka Arua atakapokwenda kurekodi albamu yake ya kwanza, atataka ladha ya Brazil, na atamtaka Bach pia. Ana haki. Heitor Villa-Lobos aliifungua njia hiyo zamani: kati ya 1930 na 1945 alitunga Bachianas Brasileiras tisa, Bach akakaa na nyimbo za mashambani Brazil kama ndugu. Tom Jobim akaja baadaye, na "Insensatez" yake ukiisikiliza vizuri unamkuta Chopin amekaa sebuleni.

Lakini wote wawili walianzia kwao. Basi swali ni hili: kijana wetu anabeba nini kutoka kwao West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda? Hii hapa orodha yangu. Ni ya haki kabisa, na najua utaikataa.

7. Akordioni ya Idi Amin

Usiruke, hii ni kweli. Katika filamu ambayo Barbet Schroeder aliitoa 1974, yule mtu ambaye ukoo wake ni wa Koboko anapiga akordioni, na muziki wa filamu nzima umeandikwa kwa jina lake. Akordioni ina vitufe kama vya piano, kwa hiyo kanuni za orodha hii zinanilazimisha niitaje. Hukumu: nimeitaja. Kati ya 1971 na 1979, chini ya utawala wake, watu wengi mno walipoteza wapendwa wao. Ibaki nje ya mlango.

6. Mnong'ono wa bossa nova

Mwaka 1959 João Gilberto alitoa albamu ya *Chega de Saudade*, akiimba kama mtu ambaye mtoto wa jirani amelala. Uzuri mtupu. Sasa jaribu kunong'ona Arua mjini Jumamosi jioni, bodaboda zikipita na kila duka lina spika yake mlangoni. Hukumu: wimbo mmoja tu, na urekodiwe saa nane za usiku.

5. Dholuka ya Wanubi

Wanubi wa Arua na Koboko ni vizazi vya askari wa Emin Pasha waliotoka Sudan karne ya 19. Harusi yao bila dholuka ni mkutano tu. Kina mama wanaimba kwa Kinubi, ngoma zinajibu, anayesifiwa anasifiwa, na mwenye mambo yake anasikia habari zake humo humo. Mpiga piano akipewa mdundo huo, mkono wa kushoto hauhitaji mwalimu mwingine. Hukumu: dakika nne, na mama mwimbaji asikatizwe na solo ya mtu. Najua Koboko mtaniuliza kwa nini namba tano. Ulizeni, ila someni kwanza zilizobaki.

4. Likembe

Hapa nina ubishi na wenye piano. Piano ina vitufe 88 na hubebwa na wanaume wanne wenye mgongo mzima. Likembe, yenye ndimi zinazopigwa kwa vidole gumba, hushikwa viganjani, na ilitembea kwa miguu: mwanzoni mwa karne ya 20 wabeba mizigo na wafanyakazi wa Kongo waliipandisha kutoka Kongo ya chini mpaka ikavuka kuingia Uganda. Enzi hizo mpaka wenyewe ulikuwa bado unatafuta pa kukaa. West Nile ilikuwa sehemu ya eneo la Lado chini ya mfalme wa Wabelgiji hadi 1910, kisha ikaunganishwa na Uganda 1914.

Kuna kingine. Ndimi za likembe huvikwa vipete vidogo vya chuma ili sauti ivume kidogo. Mwaka 1940 John Cage aliingiza skurubu kati ya nyuzi za piano, na dunia ikampigia makofi kwa ugunduzi. Hukumu: Kongo ilitangulia.

3. Agwara

Mabaragumu marefu ya mbao ya Waalur na jirani zao, yanayopulizwa ubavuni. Kila mtu ana sauti yake moja, pengine mbili. Wimbo hakuna anayeupiga. Unatokea wenyewe kila mmoja anapoingia kwa zamu. Ulaya nayo ilikuwa na mchezo huo katika nyimbo za kanisa za karne ya 13, halafu ikauacha. Akin Euba wa Nigeria aliwahimiza wapiga piano wa Afrika wakifanye chombo hicho kizungumze kama ngoma na marimba zetu. Basi kijana wetu akifanye kila kidole kuwa baragumu moja. Vidole kumi, kikosi kamili, na hakuna wa kuchelewa mazoezi.

2. Rumba ya ng'ambo ya mpaka

Njia fupi ya kwenda Brazil inapita Ariwara, mji wa Kongo jirani na Arua. Nakwambia kwa dhati. Watu wa Kongo na Angola walipelekwa utumwani Brazil na Cuba. Midundo yao ikazaa samba upande mmoja na son upande wa pili, na miaka ya 1930 na 1940 santuri za Cuba zikarudi Léopoldville (Kinshasa ya leo), magitaa yakazitambua kama mtu anavyomtambua shangazi yake. Mwaka 2021 UNESCO ikaiweka rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika. Arua haikungoja UNESCO. Lingala imekuwa ikivuka hapo mpakani bila kugonga muhuri. Kwa nini ukakope mdundo Rio, wakati Ariwara unakwenda na kurudi siku hiyohiyo?

1. Adungu

Na mapema kabisa nasikia sauti: "Adungu ni ya Waalur, ni ya Nebbi na Pakwach, Arua imeingiaje?" Imeingia kwa mlango wa kanisa na wa shule, kama ilivyoingia Uganda nzima. Gogo lililochongwa, ngozi juu, shingo iliyopinda, nyuzi saba mpaka kumi. Hutengenezwa kwa ukoo: ndogo za kuimba juu, za kati, na ile kubwa ya besi. Zinapangwa kwa do-re-mi, zinapiga nyimbo za ibada kwa sauti nne. Bach yupo tayari West Nile, Jumapili asubuhi.

Udhaifu wa adungu mnauita kukosa vitufe vyeusi. Mimi nauita bahati. Mwaka 1959 Miles Davis, na Bill Evans kwenye piano, walianza "So What" kwa ngazi ambayo kwenye piano ni vitufe vyeupe vitupu. Hakuna aliyelalamika. Na Brazil? Gitaa la bossa nova hutumia nyuzi za nailoni. Adungu ya leo pia: nailoni, ile ile ya kuvulia samaki.

Hukumu: nyimbo tano kati ya tisa za albamu ziwe piano na adungu, na sauti zisipolingana, fundi aje aifuatishe piano kwa adungu. Piano ndiyo mgeni.

Mwenye orodha bora aitoe. Na wewe unayejifunza piano Arua au Koboko, Jumapili hii usiondoke ibada ikiisha. Mfuate mpiga adungu wa besi, umuombe akupigie peke yake.