Mpotoshe Nondo Njia

Ukitaka nondo asiiharibu sukuma wiki yako, usihangaike kumkimbiza. Yeye huruka usiku, na wewe usiku umelala. Mpotoshe njia. Jike huitambua mboga kwa harufu, ile kali ya haradali iliyomo kwenye kabichi, sukuma wiki na figili. Akiipata anatua, anataga, na baada ya siku chache viwavi wamefungua hoteli.

Basi mchanganyie harufu. Panda mrehani ndani ya tuta lenyewe, katikati ya mboga. Mrehani wa koponi, barazani, humfurahisha mwenye nyumba tu. Nondo hana hata habari. Uutangulize wiki kadhaa kabla ya kuhamishia miche ya mboga, maana mrehani mchanga haumbabaishi mdudu. Jioni pitisha mkono juu ya majani, yatoe harufu. Vikonyo vikate bila huruma, vingine viende kwenye chai, vingine kwenye kikuba cha bibi harusi. Ukikatwa ndipo unapochipua matawi.

Ukiongeza na mnanaa tutani, ufungie kwenye debe. Ukiuachia udongo, msimu ujao utavuna mnanaa na kabichi mbili za kuonyesha wageni.

Giligilani usiing'oe yote kwa ajili ya kachumbari. Iache nyingine itoe maua. Bustanini sina ninachokipenda kuliko maua hayo madogo meupe, kwa sababu nzi wa maua na nyigu wadogo huyajia kunywa. Watoto wa nzi hao hula vidukari kwa uroho wa ajabu, na nyigu hutaga mayai ndani ya viwavi. Ukipuliza sumu, unawaua na hao.

Anayedhani haya ni mambo ya bibi zetu tu aende Mbita, kando ya Ziwa Victoria. Tangu miaka ya 1990 watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, wamewaonyesha wakulima namna ya kupanda mmea wa desmodiamu kati ya mahindi na matete pembeni: harufu ya desmodiamu humsukuma nondo wa viwavi wa bua, ya matete humvuta nje ya shamba.

Kwenye nyanya, nakuomba, usiutegemee mrehani peke yake. Kiwavi wa kantangaze, aliyeingia Kenya na Tanzania mwaka 2014, hujichimbia ndani ya jani. Kagua kila asubuhi. Jani lenye mabaka yanayopitisha mwanga lichume, litie kwenye mfuko mweusi, uufunge kabisa, uuache juani.